Ushirikishwaji wa Jumuiya ya Chuo Kikuu katika Mpango Mkakati na Tunu za Pamoja: Mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Makala haya yanafafanua dhana ya ushirikishwaji wa jumuiya ya chuo kikuu katika uandaaji wa mpango mkakati, hususani sehemu yake inayotaja tunu. Hoja kuu ni kwamba mwanajumuiya huwa ameshirikishwa pale tu anapoweza kubadili jambo kabla halijaamuliwa, na kwamba uwezo huo hutegemea sana lugha ya mjadala.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Swali la tunu lilikikumba mapema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwamo makato ya mshahara, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, uliitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Wajibu wa msomi kwa wananchi ndio uliobishaniwa katika matukio yote mawili. Mara ya kwanza wajibu huo ulifika kama sharti. Mara ya pili ulifika kama swali. Mkutano haukumaliza ubishi, bali uliuhamishia katika mitaala, mahali ambapo wanataaluma wangeweza kuufanyia kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya chuo kufungwa mwaka 1990 kutokana na mgogoro wa wanafunzi na serikali, na huku fedha zikipungua, uongozi chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Matthew Luhanga ulianzisha programu ya mageuzi. Mageuzi hayo yaliambatana na mikutano ya mashauriano kati ya uongozi, wafanyakazi, wanafunzi, serikali na wafadhili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kualikwa mkutanoni si sawa na kusikika.

Kaulimbiu ya chuo, “Hekima ni Uhuru”, ni ya Kiswahili. Mpango mkakati, pamoja na Dira ya 2061 inayolenga mwaka chuo kitakapotimiza miaka 100, viliandikwa kwa Kiingereza. Walinzi, madereva, wapishi na wahudumu wa mabweni, ambao pia ni wanajumuiya, hukutana na tunu hizo zikiwa zimekwisha kubandikwa ukutani.

Katika chuo kingine, ambacho sitakitaja, nilihudhuria kikao cha kupokea maoni juu ya rasimu. Dereva mmoja aliuliza kwa Kiswahili: “Huu uwajibikaji ni wa nani kwa nani?” Aliahidiwa kuwa hoja yake itazingatiwa. Rasimu ilirudi bila neno hata moja kubadilika, na hakupewa jibu. Kwa maoni yangu, lile ndilo lilikuwa swali bora la siku ile.

Hudaiwa kwamba mipango ni kazi ya wataalamu. Kwa upande wa bajeti na viashiria, dai hilo lina uzito. Tunu ni suala tofauti. Karani wa usajili ndiye anayejua iwapo “kumjali mwanafunzi” kunawezekana katika wiki ya kwanza ya muhula, foleni ikiwa imefika nje na mtandao umekatika. Asipoulizwa, chuo huahidi kwa niaba yake jambo ambalo hakupewa nyenzo za kulitimiza.

Kwa mintarafu hiyo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kila maoni yaandikwe katika daftari la wazi, na yaliyokataliwa yaambatane na sababu. Pili, sehemu ya tunu ianze kuandikwa kwa Kiswahili, ndipo itafsiriwe. Sehemu hiyo huwa na kurasa chache tu, na katika chuo chenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, wa kuifanya kazi hiyo wamo kampasini.