Albamu bora ya Wanyika ni ipi? Hiki ndicho kiini cha ubishi wa mashabiki

WAPENZI wa muziki wa zilipendwa katika miji ya Kitale na Bungoma wana ubishi mmoja usiozeeka: kati ya bendi zote zilizobeba jina la Wanyika, ni ipi iliyotoa albamu bora zaidi?

Wapo wanaoshikilia kuwa hakuna kazi inayoweza kuifikia Haleluya ya Simba Wanyika. Wengine huapa kwa jina la Les Wanyika na wimbo wao Sina Makosa. Kundi la tatu huwakumbusha wenzao kuwa Issa Juma na Super Wanyika walitoa Sigalame, kibao ambacho hadi leo huwainua watu vitini.

Mara nyingi mjadala huo haufiki popote. Sababu ni kwamba wabishi hawalinganishi vitu vya aina moja. Mmoja hutaja santuri ndogo yenye wimbo mmoja, mwingine hutaja kanda, na mwingine hutaja CD iliyokusanywa miaka mingi baada ya nyimbo zenyewe kurekodiwa. Anayetaka kutoa hukumu ya haki hana budi kwanza kufahamu jinsi muziki huo ulivyotengenezwa na kuuzwa.

Chimbuko la Wanyika

Asili ya Wanyika ni Tanga, nchini Tanzania. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipiga muziki na Jamhuri Jazz ya mji huo kabla ya kuhamia Arusha, ambako waliunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 waliingia Kenya na bendi yao ikaanza kujulikana kama Simba Wanyika.

Mwaka 1978 bendi hiyo iligawanyika. Omari Shabani, aliyekuja kuitwa 'Profesa Omari', aliondoka pamoja na mpiga besi Tom Malanga, mpiga ngoma Rashid Juma na mwimbaji Issa Juma, wakaunda Les Wanyika. John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga muziki nchini Kenya na Orchestra Jobiso, alijiunga nao. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi walianza kutumbuiza katika klabu ya Garden Square jijini Nairobi, na mwaka 1979 Sina Makosa ikavuma kote Afrika Mashariki.

Baadaye Issa Juma naye alishika njia yake na kuunda Super Wanyika. Kwa upande wao, ndugu wa Kinyonga waliendelea na kazi, na baadhi ya santuri zao zilitoka kwa jina la Simba Wanyika Original, ili mnunuzi asije akawachanganya na waliojitenga.

Hivyo basi, anayeuliza albamu bora ya Wanyika huwa ameuliza juu ya bendi zaidi ya moja zilizozaliwa katika nyumba moja.

Lugha iliyovuka mipaka

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini bendi zenye asili ya Tanga na makao Nairobi zigombaniwe karibu na Mlima Elgon. Jibu moja ni lugha.

Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale, ni eneo la mashamba makubwa lililovutia walowezi wa jamii nyingi baada ya uhuru. Bungoma nako, Wabukusu huishi pamoja na Watachoni, Wasabaot na Wateso. Litungu la Wabukusu lina heshima yake katika sherehe za nyumbani, lakini katika kituo cha matatu, sokoni au hotelini, wimbo wa Kiswahili ndio unaoeleweka na wote bila mkalimani.

Jibu la pili ni redio. Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC, ilizifikisha nyimbo hizo katika maboma ambayo hayakuwa na gramafoni. Wengi walizifahamu kwanza kwa kusikiliza, na ni wachache waliopata kuliona jalada la santuri yenyewe. Ndiyo maana shabiki anaweza kuukumbuka wimbo neno kwa neno lakini asijue ulitoka katika albamu gani, au kama uliwahi kuwa katika albamu yoyote.

Santuri ndogo na albamu

Hapa ndipo penye fundo la ubishi. Mashabiki wa muziki wa roki huko Uingereza na Marekani wanapobishana juu ya kazi za The Beatles, kwa mfano, huwa na vitu vinavyolingana. Sgt. Pepper ya mwaka 1967 na Abbey Road ya mwaka 1969 ni santuri kubwa zilizopangwa na wanamuziki wenyewe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ajabu ni kwamba hata huko Hey Jude ya mwaka 1968, mmoja wa nyimbo zao mashuhuri, ilitolewa peke yake na haikuwekwa katika albamu yoyote ya studio ya wakati huo.

Jambo ambalo kwa The Beatles lilitokea mara kwa mara, kwa bendi za Nairobi lilikuwa ndiyo desturi. Bidhaa kuu ya soko ilikuwa santuri ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika. Mwananchi wa kawaida aliweza kuinunua kwa urahisi kuliko santuri kubwa, na mwenye baa aliweza kuibadilisha upesi wateja walipochoka.

Kwa kuwa upande mmoja wa santuri hiyo haukutosha rumba ndefu, wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba kisa na maneno. Ilipogeuzwa, magitaa yalishika usukani na wachezaji wakaingia uwanjani. Mtunzi wa Nairobi alitunga akijua kuwa katikati ya wimbo wake mtu atanyanyuka kwenda kugeuza santuri.

Albamu nyingi zilifuata baadaye, wakati kampuni ilipozikusanya nyimbo zilizokwisha kupendwa na kuziweka katika jalada moja. Kisha zikaja kanda na CD, nazo zikakusanya upya, kila mwenye biashara kwa mpango wake. Mkusanyiko wa namna hiyo unaweza kuwa mtamu kweli, lakini sifa ya kuupanga si ya bendi.

Mizani ya haki

Tukitumia mizani hiyo, ubishi unapungua makali. Kwa upande wa wimbo mmoja mmoja, Les Wanyika wana hoja nzito. Katika Sina Makosa hakuna chombo kinachomziba mwenzake. Besi ya Malanga inatembea peke yake na kusikika, gitaa la kati la Omari linajibizana nayo, na kisa cha mtu anayejitetea mbele ya mwenzake mwenye hasira kinaeleweka tangu ubeti wa kwanza.

Kwa upande wa albamu zilizokaa pamoja kama kazi moja, Simba Wanyika wanatangulia. Bendi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 20, ikarekodi santuri kubwa tangu Jiburudisheni na Simba Wanyika hadi Pepea, iliyotolewa Uholanzi mwaka 1992. Anayezisikiliza kwa mfululizo husikia jinsi saksafoni na magitaa ya akina Kinyonga yalivyobadilika bila kuipoteza sauti ya Tanga. George alifariki mwaka huo huo wa 1992, na Wilson akamfuata mwaka 1995.

Kwa hiyo shabiki wa Haleluya na yule wa Sina Makosa wanaweza wote kuwa sahihi, kwani mmoja anapima albamu na mwenzake anapima wimbo.

Zaidi ya mapenzi ya muziki

Lipo jambo jingine zito kuliko ushindi wa mdomo. Si ajabu siku hizi kukuta wimbo wa Issa Juma umeandikwa jina la Les Wanyika, au kazi ya Simba Wanyika ikiwekwa katika mtandao bila jina la mtunzi. Mirabaha hugawanywa kwa kufuata majina. Jina likikosewa, familia ya aliyeutunga wimbo ndiyo inayopunjwa.

Mwaka wa kurekodiwa nao una uzito wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya utunzi hudumu kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi, ilhali haki ya rekodi yenyewe hudumu kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, rekodi ya mwaka 1979 inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Mkusanyiko usiotaja mwaka wala wapigaji huficha hesabu hiyo.

Aidha, santuri zenyewe zinazidi kuadimika. Kibandiko cha katikati mara nyingi ndicho ushahidi pekee wa nani alitunga wimbo na kampuni ipi iliutoa. Mzee wa Kiminini au Webuye aliyehifadhi santuri zake chini ya kitanda, hata kama gramafoni iliharibika zamani, ameshika kumbukumbu ambayo huenda isipatikane kwingineko.

Mashabiki wa Kitale na Bungoma basi na waendelee kubishana. Ila atakayetaja albamu yake bora na ataje pia bendi iliyoipiga, waliotunga nyimbo zake na mwaka ziliporekodiwa. Ubishi wa namna hiyo utawafaa wenye nyimbo, na si wasikilizaji peke yao.