Kushuti ni Nusu ya Kazi: Editi Kabla ya Kuposti

Wadau, mteja wa Katoro hawezi kushika kitenge kilichopo dukani kwako Kahama. Anaamini video tu. Akishatuma hela, mzigo ukapanda basi, akafungua akakuta rangi nyingine, umempoteza yeye na majirani zake. Kuediti sio urembo, ni uaminifu.

Simu yenye CapCut au InShot inatosha. Fuata mpangilio wa mafundi:

1. Kata kwanza, usipoteze muda kurekebisha kipande utakachokitupa. Toa sehemu zinazotikisika. Bidhaa ionekane ndani ya sekunde 3.

2. Sauti. Kelele za bodaboda na jenereta zikizidi, rekodi maelezo upya chumbani, uyapachike juu ya picha. Muziki uwe chini unapoongea. Tena wimbo una mwenyewe, analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Tumia muziki ulioruhusiwa kwa biashara.

3. Rangi. Weka bidhaa yenyewe pembeni ya simu, rekebisha mwanga mpaka zifanane. Filta za kung'arisha achana nazo.

4. Maandishi. Kuna wanaoangalia bila sauti. Andika bei, saizi na mahali ulipo. Usiandike chini kabisa, TikTok inapafunika kwa maelezo yake.

5. Hifadhi ikiwa wima, 1080 kwa 1920.

Mwisho, mwoneshe mtu asiyeijua bidhaa. Akiuliza "bei gani?" na wewe umeiandika, rudi namba 4, kuza maandishi.