Kwa nini darasa hukosa joto Januari? Jibu liko kwenye likizo ya Julai

Mwanzoni mwa Januari 2018, picha za wanafunzi wa jiji la Baltimore, Marekani, zilisambaa mitandaoni. Watoto wamekaa darasani na makoti yao mwilini, wengine na kofia za sufu na glavu, na hapo wanatakiwa kusoma. Shule zipatazo 60 zilikuwa na matatizo ya joto, na mwisho wa wiki hiyo shule zote za umma za jiji zikafungwa.

Ni kweli nje kulikuwa na baridi kali. Lakini baridi ya Baltimore si mgeni wa ghafla. Huja kila mwaka na miezi yake inajulikana. Tatizo lilikuwa ndani ya majengo: boila zilizozeeka, mabomba yaliyopasuka na matengenezo yaliyoahirishwa miaka nenda rudi. Gazeti la The Baltimore Sun liliripoti wakati huo kwamba mamilioni ya dola yaliyotengwa kwa matengenezo kama hayo yalikuwa yamerudishwa serikalini, kwa sababu miradi ilichelewa au gharama zilizidi.

Na si Baltimore peke yake. Juni 2020, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kuwa 41% ya wilaya za shule nchini humo zilihitaji kukarabati au kubadilisha mifumo ya joto, ubaridi na hewa katika angalau nusu ya shule zao. Hizo ni kama shule 36,000.

Mitambo hii inafanyaje kazi?

Shule nyingi za zamani za Marekani hutumia boila: mtambo mkubwa wa chuma, mara nyingi uko chumba cha chini kabisa, unaopasha maji kwa gesi au mafuta. Maji ya moto au mvuke husafiri kwenye mabomba hadi kwenye redieta za madarasani, yanaacha joto lake huko, kisha yanarudi kupashwa tena.

Kwa ubaridi, mtambo mwingine hupoza maji hadi nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Maji hayo hupita kwenye koili ya mabomba membamba, feni inapuliza hewa katikati yake, na hewa iliyopoa inaingia darasani. Shule nyingine zina mashine za juu ya paa zinazofanya kazi zote mbili.

Katikati ya mitambo hiyo mikubwa kuna vitu vidogo: filta, mikanda ya feni, pampu, vali, na bomba la kutolea maji. Hivi vidogo ndivyo huangusha vikubwa. Filta ikijaa vumbi, hewa haipiti vizuri. Koili inaanza kushika barafu, mtambo unafanya kazi muda mrefu zaidi, bili ya umeme inapanda, na mwisho kompresa inaungua. Filta ni kitu cha bei ndogo, kompresa siyo.

Kinachopotea ni masomo

Mtu anaweza kusema watoto wavumilie tu, mbona zamani watu walisoma. Utafiti unaonyesha vingine.

Mwaka 2020 wachumi wanne walichapisha matokeo ya kuchunguza alama za wanafunzi milioni 10 wa Marekani waliofanya mtihani wa PSAT zaidi ya mara moja. Waligundua kuwa katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukiwa na joto zaidi kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, yaani kama nusu nyuzi ya Selsiasi, kiasi cha wanafunzi kujifunza kinashuka kwa 1%. Kwenye shule zenye viyoyozi, hasara hiyo karibu yote ilitoweka.

Hapo kiyoyozi kinachozungumziwa ni kile kinachofanya kazi. Kilichoharibika ukutani hakina tofauti na picha.

Kila msimu na kazi yake

Mafundi wa majengo ya shule wanajua siri moja: mtambo hutengenezwa wakati hautumiki. Boila huwezi kuifungua Januari huku watoto wanatetemeka. Ndiyo maana kazi hugawanywa hivi:

• Juni hadi Agosti. Shule zimefunga, boila imezimwa. Huu ndio wakati wa kuifungua, kusafisha masizi na magadi, kukagua vali za usalama na kubadilisha mabomba yaliyoliwa na kutu.

• Septemba na Oktoba. Boila inawashwa kwa majaribio kabla baridi haijafika. Redieta moja moja inakaguliwa, na hewa iliyonaswa ndani yake inatolewa. Kasoro ikionekana sasa, bado kuna wiki kadhaa za kuagiza spea.

• Novemba hadi Machi. Kazi ni kulinda mabomba yasigande. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu 9%, na bomba lisipoweza kuhimili linapasuka.

• Aprili na Mei. Zamu ya ubaridi. Koili zinasafishwa, kiasi cha gesi kinapimwa, na bomba la kutolea maji linazibuliwa kabla joto halijaanza.

Filta zenyewe hazisubiri msimu. Kwa kawaida hukaguliwa kila mwezi na kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, au mapema zaidi kama eneo lina vumbi.

Mtego wa likizo

Likizoni watu wengi hufikiria kuzima kila kitu ili kubana matumizi. Hapo ndipo hasara huanzia.

Ukizima joto lote likizo ya Krismasi, bomba linaweza kuganda na kupasuka Jumamosi, na maji yakamwagika hadi mlinzi au mwalimu wa kwanza atakapofika. Ndiyo maana jengo huachwa na joto dogo, la kutosha tu mabomba yasigande.

Majimbo ya kusini yenye unyevu mwingi, kama Florida, yana mtego wake wakati wa kiangazi. AC ikizimwa wiki nyingi, unyevu hujaa ndani na kuvu huota kwenye dari, vitabu na viti. Shule ikifunguliwa, mtoto mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia.

Uzembe unaoua

Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London, jimbo la Texas, ililipuka. Ili kupunguza gharama za joto, shule ilikuwa imejiunganisha na bomba la gesi iliyobaki kwenye uzalishaji wa mafuta. Gesi ikavuja na kujaa chini ya sakafu bila mtu kujua, kwa sababu haikuwa na harufu. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto.

Baada ya msiba huo Texas iliagiza gesi itiwe harufu, na utaratibu huo ukaenea kwingine. Harufu kali ya gesi ya kupikia ambayo watu wanaijua leo imewekwa makusudi ili uvujaji ugundulike mapema.

Lakini boila isiyowaka vizuri hutoa pia gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kwa hiyo bomba la moshi hukaguliwa kila mwaka, na kengele za kuitambua gesi hiyo huwekwa karibu na chumba cha boila.

Na shule za Pwani je?

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hakuna shule inayohitaji boila ya kupasha madarasa. Ila kanuni ya msimu ni ile ile. Joto kali hupiga kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, na muhula mpya huanza Januari katikati ya joto hilo. Shule yenye AC kwenye chumba cha kompyuta, au feni madarasani, ikingoja Januari kumwita fundi itakuta mafundi wana foleni. Kazi hiyo inafaa kufanywa miezi ya kusi, wakati hali ya hewa imepoa.

Sehemu kubwa ya kazi ni ya kawaida tu:

• Filta ya AC huoshwa kwa maji na kuanikwa kivulini.

• Sehemu ya AC iliyo nje, hasa karibu na bahari, huoshwa kwa maji baridi ili kuondoa chumvi inayokula chuma. Umeme uzimwe kwanza.

• Feni inayozunguka polepole mara nyingi haijafa. Kapasita yake ndiyo imechoka, na hubadilishwa kwa gharama ndogo.

• Paa la bati lisilo na dari hushusha joto moja kwa moja kwa watoto. Dari, rangi nyeupe juu ya bati na madirisha yanayotazamana hupunguza joto bila kutumia umeme.

Mzazi anayehudhuria kikao cha shule hahitaji kuwa fundi ili aulize maswali ya maana. Filta zilibadilishwa au kuoshwa lini? Je, kuna daftari la matengenezo lenye tarehe na jina la fundi? Kwenye bajeti, fedha za matengenezo zina fungu lake, au hutafutwa mtambo ukishazima? Shule yenye majibu ya maswali hayo matatu itagundua kasoro mapema, watoto wakiwa bado likizoni.