Mkono wako si tairi: Jijenge kwa besiboli ukiwa Ziwa

Ukikulia Ziwa, huku Soy, kaunti ya Uasin Gishu, watu wanakuuliza swali moja tu: unakimbia? Ukisema hapana, basi kwao wewe si mwanamichezo. Lakini pengine wewe ndiye yule msee ambaye akirusha jiwe linavuka ua, linavuka barabara na bado linaenda. Umeanza kutazama besiboli kwenye simu na unajiuliza kama mkono huo unaweza kukufikisha mahali. Makala haya ni yako.

Kwanza, asikudanganye mtu eti watu wa huku hawajui kurusha. Julius Yego ni mtoto wa Nandi, hapo jirani tu. Alijifunza mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 kule Beijing akautupa mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akarudi na fedha ya Olimpiki kutoka Rio.

Kwa besiboli yenyewe, angalia Uganda. Mdakaji Dennis Kasumba alivuma mitandaoni kwa video zake akifanya mazoezi na matairi makuukuu. Alinyimwa viza zaidi ya mara moja, lakini mwaka 2023 alifika Marekani na kuchezea Frederick Keys. Kabla yake, mwaka 2022, warushaji Ben Serunkuma na Umar Male walikuwa wamesajiliwa na Los Angeles Dodgers.

Shida ni kwamba wengi wetu tukitazama video hizo tunaona tairi na jasho pekee. Tunadhani siri ni kujitesa. Siyo.

Nguvu ya kurusha haianzi mkononi. Mguu unasukuma ardhi, nyonga inazunguka, kifua kinafuata, kisha bega. Mkono unakuja mwisho, kama ncha ya kiboko. Mpira una gramu 145 hivi, na kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Mrusho mmoja unaisha kufumba na kufumbua. Kwa hivyo ukitumwa kilomita 15 kila asubuhi, unatayarishwa kwa marathoni, si kwa besiboli. Wewe kimbia mita 20 au 30 kwa kasi yako yote, pumzika vizuri, rudia mara sita hadi nane.

Jimu je? Huihitaji ili uanze. Chagua siku tatu kwa wiki, usizifuatanishe, na upashe mwili moto kwanza.

Miguu: beba gunia dogo la mchanga kifuani, uchuchumae na kuinuka mara 8. Kisha piga hatua ndefu ukishusha goti, mara 8 kila mguu. Funga tairi kwa kamba kiunoni, ulivute mita 20.

Nyonga na kiwiliwili: jaza mchanga kwenye mfuko mgumu, kilo 2 au 3 tu. Simama ubavu ukielekea ukuta, uurushe kutoka nyongani mara 6 kila upande.

Mgongo: inama, uvute jerikeni kutoka chini hadi ubavuni, mara 10 kila mkono. Usidharau hili. Misuli ya nyuma ya bega na mgongo ndiyo breki ya mkono baada ya mpira kuondoka, na gari lenye injini kubwa bila breki unajua linaishia wapi.

Bega: funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo. Bana kiwiko ubavuni, vuta tyubu kuelekea nje polepole, mara 15. Haichomi wala haipendezi kwenye video, lakini inaimarisha misuli midogo inayoshikilia bega mahali pake.

Kila zoezi rudia seti tatu. Ukiona mkao unaharibika, acha hapo.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka: kuhesabu. Mwongozo wa Marekani unasema kijana wa miaka 15 au 16 asizidi mipira 95 kwa siku kwenye mechi, na akipita 75 apumzike siku 4. Wa miaka 17 au 18 wanaishia 105. Tena mkono unatakiwa kupumzika kurusha kwa angalau miezi 4 kila mwaka. Hata shamba la mahindi hupewa nafasi baada ya mavuno.

Ukisikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko, acha kurusha na umuone daktari. Usimeze dawa ya maumivu urudi uwanjani. Kano ya pale ikikatika, huenda ukahitaji upasuaji ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa mrushaji Tommy John. Kupona huchukua mwaka mzima au zaidi, na gharama yake si ya mchezo.

Yego naye hakuishia kwenye simu. Alienda Finland akapata kocha wa kumrekebisha. Wewe pia tafuta jicho la pili, hata kama ni mwalimu wa michezo wa shule iliyo karibu au rafiki wa kukurekodi.

Viza iliyokataliwa unaweza kuiomba tena mwaka ujao, kama Kasumba. Kwa mkono, huna wa akiba. Kwa hivyo kabla ya kutafuta tairi, nunua daftari la shilingi chache, na leo jioni andika umerusha mara ngapi.