Je, Wajua? Mti wa Wabuddha Ulioko Upanga

Je, wajua, ewe msomaji wa Kehancha, ya kwamba msafiri akiteremka hadi Isebania, akavuka mpaka Sirari na kuishika njia ya Tarime, mwisho wa safari yake, ambayo kwa hakika si fupi, aweza kuzuru katika mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, hekalu lililoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliohajiri kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo? Uani mwake umo mbodhi, jamaa ya mkuyu, wenye jani la umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia wa panya. Na chini ya mti wa jinsi hiyo, kule Bodh Gaya nchini India, ndiko Wabuddha waaminiko kuwa Buddha alipata nuru.

Zairi huvua viatu, akauzunguka mti hali ameuweka upande wa kuume. Mgeni wa dini nyingine halazimiki kusujudu, ila asiipe sanamu ya Buddha mgongo ili apigwe picha, jambo ambalo vijana wetu wa simu yafaa waambiwe kabla ya kufika langoni.