Betri ya Zamani Imeuawa na Nani?

Asubuhi moja dereva wa teksi alifika gereji, gari lake aina ya IST likisukumwa na vijana wawili. "Fundi, nifungie betri, na safari hii iwe kubwa. Hii ni ya tatu ndani ya mwaka na nusu." Nikamwomba asubiri kidogo. Tukalishtua gari kwa jampa, injini ikawaka, nikaweka mita kwenye vichwa vya betri: volti 15.6. Alternata yake ilikuwa inazipika betri. Angefunga ya nne, angefunga hata ya lori, nazo zingeivia humo humo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue betri gani, mimi huanza na ile iliyokufa. Ikiwa hujui kilichoiua, unamkabidhi muuaji betri nyingine.

Betri ya gari ni mabamba ya risasi yaliyozama kwenye tindikali, uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859. Ndani mna vyumba sita, kila kimoja hutoa takriban volti 2.1. Kwa hiyo betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha, na ikiachwa hivyo kwa majuma, chumvi ya salfeti huganda kwenye mabamba isitoke tena. Betri ya namna hiyo hujaa kwa macho tu: mita inaonyesha volti nzuri, lakini ukipiga stata zinaporomoka chini ya 9.6.

Sasa tuwatazame washukiwa. Wa kwanza ni alternata. Injini ikinguruma, magari mengi yanapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Pungufu ya hapo betri inashinda njaa. Ikipita 15, maji yanachemka na utasikia harufu ya yai viza. Wa pili ni mwizi wa usiku: alamu, redio au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa ovyo. Gari lililozimwa linaruhusiwa kunywa kama ampea 0.05. Likinywa nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 inakauka kabla ya siku nne kutimia. Wa tatu ni terminali zilizolegea au zilizoota unga mweupe. Hapo maji ya moto, magadi soda na spana namba kumi huenda vikakuokolea pesa ya betri nzima.

Wa nne hakamatiki: joto. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri karibu nusu. Gari la Dar es Salaam linaloshinda kwenye foleni mwezi Januari linaichosha betri kuliko gari lile lile likiwa kwenye baridi ya Njombe. Kwa sababu hiyo usihangaishwe sana na namba kubwa iliyoandikwa CCA, yaani nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi. Kipimo hicho hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Makete penye jalidi hawaijui. Kinachokufaa zaidi ni betri yenye saizi sahihi, iliyo mbichi.

Kuhusu saizi, madukani utasikia NS40, NS60, N50, N70. Kwenye betri ya gari la Kijapani mara nyingi utakuta maandishi kama 46B24L, nayo yanasomeka kirahisi. 46 ni daraja la nguvu. Kadiri inavyopanda ndivyo betri ilivyo na nguvu zaidi. B ni kundi la upana na kimo: B ni nyembamba, kama sentimita 13, na D hufika 17. Namba 24 ni urefu kwa sentimita. L ni mkao wa vichwa: simama vichwa vikiwa upande wako, hasi itakuwa kushoto na chanya kulia. R ni kinyume chake. Herufi hiyo moja ikikosewa, nyaya hazifiki. Na anayezilazimisha zikafika huishia kugeuza chanya na hasi, akaunguza fyuzi na alternata.

Betri za B19 na B24 mara nyingi zina vichwa vyembamba, za D zina vinene zaidi. Ukiona fundi anachomeka msumari ili terminali ikaze, jua ameleta betri isiyo yako. Kupandisha daraja la nguvu hakudhuru gari, maadamu betri inakaa kwenye kikalio chake na kufungwa isitikisike. Ila kumbuka kwamba mtungi mkubwa unataka maji mengi: ukiendesha kilomita mbili kwenda sokoni na mbili kurudi, hautajaa.

Kuna magari yasiyotaka mzaha. Yale yanayojizima yenyewe kwenye taa na kuwaka tena hutumia betri maalumu, zenye maandishi kama M-42 au Q-85. Ukiyafungia ya kawaida, haidumu. Mahuluti mengi, yakiwemo Aqua na baadhi ya Prius, yana betri ndogo huko nyuma, ndani ya gari wanamokaa watu. Yenyewe haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu. Lakini lazima iwe iliyofungwa kabisa, yenye mpira wa kutolea gesi nje, kwa sababu betri ikichaji hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka.

Ubichi nao hupimwa. Soma tarehe ya kutengenezwa, kisha mwombe muuzaji aweke mita kabla hujatoa pesa. Ikisoma chini ya 12.4, iache rafuni, hata kama jina lake ni kubwa. Betri inayotiwa tindikali siku ya kuuzwa ichajiwe kwanza ndipo ifungwe. Wakati wa kufungua, anza na hasi. Wakati wa kufunga, malizia na hasi, ili spana ikigusa bodi isipige cheche.

Halafu usiiache ya zamani mikononi mwa yeyote anayepita na mkokoteni. Risasi yake huyeyushwa na kutumika tena, na ikiyeyushwa kiholela huua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ya kwako irudishe kwa muuzaji anayepeleka betri kuukuu kwenye kiwanda chenye kibali. Wengi hukupunguzia bei.

Yule dereva hakupata betri kubwa. Tulitengeneza alternata, tukamfungia saizi ile ile, kisha nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Andika na wewe. Siku itakapokufa, utajua kama umri wake ulifika au kuna wa kutafutwa.