GTI Yako Inapiga "Krrrrr" Ukiwasha Asubuhi? Skiza Hii Kabla Cheni Ikukulie Doo Yote

Wasee wa GTI, hii ni yenu. Asubuhi kuna baridi, unawasha ndai, na kabla ule mngurumo mtamu utulie unaskia "krrrrr" ya sekunde mbili tatu, kama mtu anatingisha misumari ndani ya kopo. Halafu kimya. Unaingia barabarani, turbo inavuta kama kawa, unasahau. Kesho, ile ile. Fundi akabadilisha oili, kelele ikapotea wiki mbili. Sahii imerudi.

Hiyo kelele ina jina na ina sababu. Ukiizoea, pia ina bili, na bili yenyewe inaweza kuwa injini nzima. Wacha tuivunje pole pole.

Tunaongelea ndai gani?

Ni Golf GTI ya Mk6, ile iliyoanza kuuzwa 2009, yenye injini ya 2.0 TSI na nguvu za farasi 210. Injini hiyo ni ya familia ya EA888, na ndugu zake wako ndani ya Scirocco, Passat CC, Audi A3 na Audi A4 za miaka hiyo. Kenya hairuhusu uingize gari iliyopitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, so nyingi zilifika hapa zikiwa zimeshatumika kwingine. Leo zote zimepita miaka 10, na ni wachache wanaojua zilitunzwa aje huko zilikotoka.

Usichanganye lakini. GTI nyingi za Mk5, na hata Golf R ya Mk6, zina injini ya EA113 ambayo taiming yake inaendeshwa na mkanda wa raba. Mkanda una ratiba ya kubadilishwa. Cheni haikuwekewa ratiba, na hapo ndo wasee hushikwa. Unaambiwa cheni ni ya maisha. Swali ni maisha ya nani.

Cheni inafanya kazi gani?

Chini ya injini kuna krankishafti, inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti mbili, zinazofungua na kufunga valvu. Cheni ndo inaziunganisha: krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti zinazunguka mara moja. Geji ikisoma mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Hapo hakuna nafasi ya makosa, ju kwa injini hii pistoni na valvu zinatumia nafasi moja kwa zamu. Cheni ikiruka meno kadhaa, zamu zinavurugika na zinagongana. Valvu zinapinda, na siku mbaya hata pistoni zinaumia.

Ili cheni isilegee kuna kitu kinaitwa tenshona. Ni kapistoni kadogo kanakosukumwa na springi pamoja na presha ya oili, kakibana reli ya plastiki iliyoegemea cheni. Ukizima ndai, presha ya oili inaisha, na hapo kuna kufuli ya meno madogo inayozuia tenshona kurudi nyuma.

Shida ya tenshona za kwanza ilikuwa hiyo kufuli. Inaweza kuachilia. Ndai ikilala usiku, tenshona inarudi ndani na cheni inalegea. Ukiwasha, cheni inapigapiga mpaka oili ipande iibane tena. Hiyo ndo "krrrrr" yako. Baadaye VW ilibadilisha muundo wa tenshona. Huko Marekani wenye magari walienda kortini, na 2018 kesi ikaisha kwa makubaliano. So usikubali mtu akwambie ni ndai yako tu imerogwa.

Sasa mbona inarudi kila mara?

Mara nyingi haikuwa imeenda popote. Ilinyamazishwa tu. Hizi ndo sababu za kawaida:

*Oili imepungua.* Injini hizi za EA888 zinajulikana kwa kukula oili. Inabeba lita 4.6 hivi. Usipoangalia dipstiki kati ya sevisi moja na nyingine, unaweza kuwa umepungukiwa lita nzima bila kujua, na tenshona inategemea hiyo oili. Angalia kila ukijaza mafuta mara mbili, usingoje taa iwake.

*Filta ya bei ya kutupa.* Filta ya hii injini imekaa juu, imepinduliwa. Ndani ina valvu inayozuia oili isishuke yote ukizima. Filta feki haishikilii, so asubuhi oili inaanza safari upya kutoka chini huku cheni ikipigwa.

*Oili nzito.* Kuna fundi atakwambia uweke oili nzito "kelele iishe." Hiyo ni story ya jaba. Oili nzito inaweza kuficha sauti, lakini asubuhi kwa baridi inachelewa kupanda, na hizo sekunde ndo zinakuumiza. Tafuta oili iliyoandikwa VW 502 00, kama 5W-40, na usivute kilomita. Msongamano wa Nairobi ni kazi ngumu kwa oili kuliko barabara kuu.

*Ilibadilishwa tenshona peke yake.* Cheni iliyonyooka na reli zilizolika zikiachwa ndani, tenshona mpya inaanza kazi ikiwa tayari imenyooshwa mbali. Isitoshe, injini hii ina cheni zaidi ya moja: kuna ya kamshafti, ya shafti za kusawazisha mtetemo, na ya pampu ya oili. Ukitengeneza moja, nyingine inaweza kuendelea kulia.

Usibahatishe, pima

Kwanza rekodi. Ndai ilale usiku mzima, weka simu karibu na injini upande wa cheni, washa. Kwa GTI, cheni iko upande wa kulia wa gari, ule wa dereva wetu. Fundi akiskia ndai ikiwa moto hataskia kitu, na utarudi nyumbani ukiitwa muoga.

Pili, skana. Kodi kama P0016 inamaanisha krankishafti na kamshafti hazikubaliani. Lakini usingoje taa iwake. Skana nzuri ya VW inaonyesha digri ambazo kamshafti imehama kutoka mahali pake. Kadri namba inavyosonga mbali na sufuri, ndivyo cheni imenyooka zaidi.

Tatu, kuna tundu. Kifuniko cha chini cha cheni kina kizibo cha raba. Fundi anayejua anakitoa, anamulika ndani, anaona kama tenshona ni ya zamani ama mpya, na anahesabu meno yaliyotokeza. Meno mengi nje ni cheni iliyochoka. Fundi asiyejua hilo tundu, mshukuru na uende kwa mwingine.

Na usishtuke bure. "Tik tik tik" ya haraka inayoendelea mkiwa mmesimama mara nyingi ni injekta tu, na kwa TSI hiyo ni kawaida. Kelele ya kuogopa ni ile ya kuwasha, na mbaya zaidi ni ile imeanza kukaa hata injini ikipata moto.

Ukiamua kutengeneza

Badilisha kila kitu kwa mpigo: tenshona ya muundo mpya, cheni na reli zote. Boliti ya puli ya krankishafti ni ya kutumika mara moja, so nunua mpya. Puli ikitolewa bila kifaa cha kuishikilia, sproketi ya chini inaweza kuhama, na taiming inaharibika mikononi mwa mtu aliyekuja kuitengeneza. Uliza fundi kama ana hicho kifaa kabla hajagusa spana. Wakimaliza, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla mtu yeyote agonge stata. Dai spea za zamani mkononi, uone kweli zilitoka.

Ukingoja doo

Kama ni ya gia za mkono, usiipaki mlimani ikishikiliwa na gia peke yake. Ikisukuma injini irudi nyuma hata kidogo, tenshona dhaifu inaachilia. Tumia hendibreki. Usikanyage mafuta injini ikiwa baridi.

Na siku itazima ghafla ama ikatae kuwaka, huku stata inazunguka wepesi kuliko kawaida, wachana nayo. Kila ukijaribu "mara moja tu" unaweza kuwa unapinda valvu nyingine. Ita breakdown, ibebwe.

Na kama unataka kununua moja

Ile siku ya kuiona, kitu cha kwanza ni kuweka mkono kwa boneti. Kama ina moto, muuzaji ameshaiwasha, na zile sekunde tatu ulizokuja kuskia zimepita. Mwambie utarudi kesho asubuhi na asiiguse mpaka ufike. Akikataa, huyo amekujibu.